Yadi Mia na Kumi na Mbili

Kiambi,
Kiirua, Meru.

Kwa Katibu,
Klabu ya Gofu ya Kathita Juu.

Ndugu Katibu, Bi. Kajuju,

KUH: KISANDUKU KINACHOPIMA MIPIGO YA WANACHAMA

Natumaini umeamka salama wewe na watu wa nyumbani kwako, na kwamba baridi ya juzi haikuchoma viazi vyenu kama ilivyochoma vyangu.

Kwanza ieleweke kwamba mimi si adui wa vipimo. Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa wa kilimo. Nilipima udongo wa wakulima kutoka hapa Kiirua hadi Gachoka kule Embu, na hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kuniandikia barua kama hii. Lakini udongo hauna marafiki wanaokunywa chai pembeni wakati unapimwa.

Unakumbuka Jumamosi ile mwalimu wetu wa gofu, Bwana Njuki, alipoleta kisanduku cheusi, ukubwa wa redio ya jikoni, akakiweka chini nyuma ya mpira. Alitueleza kwamba ukipiga, kisanduku husoma mpira umeondoka kwa kasi gani, umepaa kiasi gani na umeelekea upande gani, kisha skrini inaonyesha ungeanguka mbali kiasi gani. Majina yalikuwa yameandikwa tayari kwenye kisanduku, langu na la rafiki yangu Gachoki. Gachoki, kama unavyojua, ni Mwembu aliyehamishiwa Meru kufundisha hesabu, akastaafu, akasahau kurudi kwao. Nilitangulia kupiga kwa sababu mimi ndiye mkubwa kwa umri. Nilipiga mipira kumi kwa fimbo ya chuma namba saba, fimbo ambayo nimewaambia watu miaka yote kwamba naipiga yadi mia na sitini. Gachoki alisimama kando ya skrini akiangalia, halafu naye akapiga kumi yake.

Njuki akasoma matokeo kwa sauti mbele ya baraza zima. "Mzee Kiambi, wastani mia na kumi na mbili. Mwalimu Gachoki, tisini na saba."

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wacheke. Gachoki alimtazama Njuki, akanitazama mimi, akasema, "Sawa," akaenda kuongeza chai.

Tangu siku hiyo nimepatwa na mambo ambayo naomba kuyaeleza kwa utaratibu.

1. Tulipiga mipira kuelekea wavu uliofungwa hatua chache mbele yetu. Mpira wangu haukufika yadi mia na kumi na mbili. Ulikuwa ndani ya wavu, niliuona kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyeinama kuuokota. Kisanduku kinachotoa ushahidi wa mahali ambapo mpira haukufika kisingekubaliwa na chifu yeyote.

2. Kisanduku kilisema pia kwamba nguvu nyingi za mkono wangu haziufikii mpira. Nilimwuliza Njuki zinaenda wapi. Alisema zinapotea tu. Bi. Kajuju, mtu wa umri wangu hawezi kuambiwa hivyo akaondoka akiwa na amani.

3. Nilimweleza Njuki kwamba mashine ilitengenezwa nchi tambarare, nayo haijui hewa ya Mlima Kenya. Nikamtaka airekebishe ilingane na kimo chetu. Alinionyesha kwa heshima kwamba kimo hicho kilikuwa kimeshaingizwa. Ikaonekana kwamba hewa yetu nyepesi huupeleka mpira mbali zaidi, na kwamba kule Mombasa ningepiga mia na tano. Hoja hii naiondoa, lakini naiacha hapa ili kamati ione kwamba nimeshirikiana.

4. Shaka imeingia mpaka nyumbani. Nikimwambia mke wangu Cicily kwamba nitarudi mapema, anauliza, "Baba Gatwiri, hiyo mapema ni yako ama ni ya mashine?" Nikitaja magunia ya viazi niliyovuna, jirani anataka kujua yalihesabiwa na nani. Nilipotoa ushuhuda kanisani juu ya nyoka niliyemwua zamani bondeni, Mzee Vincent aliinua mkono kwa unyenyekevu akauliza kama urefu ule ulithibitishwa. Nyoka yule nimemsimulia katika makanisa matatu, na mpaka juzi hakuwa na matatizo yoyote.

5. Mwezi uliopita, kwa kuchagua fimbo kufuata kisanduku, nilishinda thamosi ya chai katika mashindano ya klabu. Sikuwahi kushinda kitu. Siku ya pili kamati yako ikanipunguzia ile mipigo ya msaada mnayowapa wachezaji dhaifu, ikisema kwamba nimeimarika. Sikuomba kuimarika.

6. Hili ndilo kubwa, na ningeomba lisomwe polepole.

Shimo la tano liko ng'ambo ya kijito, yadi mia na ishirini. Kwa miaka mingi nilipofika pale nilichukua fimbo namba tisa, maana namba ikipungua fimbo hurefuka, na mtu wa yadi mia na sitini hawezi kuonekana akichukua ndefu zaidi. Mpira ulianguka upande huu wa maji, kulia, vichakani. Gachoki, ambaye wake ulikuwa umeshavuka kwa namba sita yake, alikuja kunisaidia kutafuta. Hatukutafuta kwa haraka. Huko vichakani tulizungumza juu ya watoto, juu ya magoti, juu ya watu waliotuudhi kazini. Huko ndiko alikoniambia kwamba mkewe, Rwamba, hangerudi kutoka hospitalini. Alisema akiwa ameinama, akifunua majani kwa fimbo. Nami nilimjibu nikiwa nimeinama, na hakuna aliyelazimika kumwangalia mwenzake usoni. Mpira tuliupata, lakini hatukuuokota mara moja.

Sasa, kwa sababu ya ile mia na kumi na mbili ambayo kila mtu anaijua, nimelazimika kuchukua namba nne. Mpira unafika. Jumamosi baada ya Jumamosi, unafika. Tunavuka daraja, tunautia shimoni, tunaambiana "vizuri", tunaendelea. Juzi tulimaliza mashimo yote nikafika nyumbani, Cicily akaniuliza binti ya Gachoki, Kanini, anaendeleaje na ile kazi mpya ya Embu mjini. Sikujua. Sikujua hata kama ana kazi mpya.

Jumamosi iliyopita niliutupa mpira vichakani kwa mkono. Gachoki alisema, "Kiambi, huo umeurusha." Nikasema ni upepo. Akasema hakuna upepo. Mtu aliyezoea skrini ndivyo anavyokuwa.

7. Mwisho, nalalamika kwa niaba yake, kwa kuwa yeye ni mpole mno kulalamika. Mimi niliumizwa, lakini Gachoki alidhalilishwa. Tisini na saba, mtu mrefu vile. Na bado anatumia namba sita yake ileile pale shimo la tano, na mpira unavuka kila mara, jambo ambalo kwa mpigaji wa tisini na saba haliwezekani. Huu ndio uthibitisho kamili kwamba kisanduku hakijui kitu. Nimekuwa nikimfariji kila tunapoonana, nikimwambia namba si mtu. Huniitikia kwa kichwa tu, maskini.

Kwa hiyo naomba kisanduku kifungiwe stoo pamoja na ile mashine ya nyasi iliyokufa. Hilo likishindikana, matokeo yatolewe faraghani, mwanachama akiwa na mtu wa familia karibu. Na hilo nalo likishindikana, kila mwanachama aliyetimiza miaka sitini aongezewe yadi arobaini na nane kwa heshima ya umri.

Wasalimie wanakamati wote, Peninah wa jikoni, wakata nyasi, na yule ng'ombe wa jirani anayelala shimo la saba, ambaye hajawahi kumpima mtu.

Wako aliyevumilia vya kutosha,

Kiambi (Mzee)

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, Njuki amenipigia simu. Katika kusafisha kisanduku amegundua kwamba jina la Gachoki lilikuwa la kwanza, nami ndiye niliyetangulia kupiga, hivyo mipira yangu iliandikwa kwa jina lake na yake kwa langu. Mia na kumi na mbili ni ya Gachoki. Yangu ni tisini na saba.

Nimempigia Gachoki. Amesema alijua tangu siku ile, kwa kuwa alikuwa kando ya skrini akiona mipira yangu mmoja mmoja. Nikamwuliza mbona hakusema. Amesema, "Hiyo mia na kumi na mbili ilikuwa imekuumiza vya kutosha. Ningekuongezea nini?" Kisha tumezungumza mpaka simu yake ikaisha chaji.

Kwa hiyo, Bi. Kajuju, barua hii isisomwe kikaoni. Kisanduku kibaki palepale, na matokeo yake yaheshimiwe kama yalivyosomwa. Mia na kumi na mbili ni yangu, nimepewa na mwenyewe, na sitaki mtu wa kamati aje kunirudisha nyuma.