Mgeni wa Heshima Kutoka Kitale

Mwaka 2008, katika saibakafe moja mjini Kitale, Absalom Kemboi aligundua kwamba duniani wamo watu wa ajabu wanaotoa mali yao bure. Waliandika vipande vya kodi za kompyuta, mistari michache ya kubadilisha sura ya tovuti, wakaviacha mtandaoni avichukue atakaye. Ukibandika hiki, rangi inageuka. Ukibandika kile, picha ya duka inapanda juu kabisa. Kemboi hakuelewa hata alama moja, ila kunakili alijua. Ukarimu usiotozwa ushuru aliuona kuwa uzembe, naye akajitwika kazi ya kuutoza.

Alianzia Bungoma, kwa Mama Roselyne Nanyama, mwenye duka la mbegu, aliyetaka tovuti yake iwapite wapinzani wote. Akimnasa huyo, wafanyabiashara wa mji mzima wangefuata.

"Hii kodi ni siri, mama," alimnong'oneza. "Ukionyesha mtu mwingine, tovuti inakufa."

"Ati inakufa? Na wewe ukinionyesha, mbona haifi?"

"Mimi imenizoea."

Wakapatana kwamba malipo yatolewe wiki moja baada ya kazi kuisha. Kemboi akabandika, tovuti ikapendeza, naye akarudi Kitale akiota suti mpya. Huku nyuma Mama Roselyne, mwanamke asiyenunua gunia bila kulifungua, aliutafuta mtandaoni mstari mmoja wa siri ile. Ukamjia papo hapo, bure, pamoja na salamu za aliyeuandika.

Hakugombana. Alimwalika Kemboi aje kuchukua malipo yake Jumamosi, shuleni, kwenye harambee ya kujenga darasa, akiwa mgeni wa heshima. Kemboi alikuja na tai. Kwamba katika harambee mgeni wa heshima hachukui bali hutoa, alilikumbuka alipokwisha kuketi meza kuu.

Mama Roselyne aliinua bahasha. "Haya ni malipo ya Bwana Kemboi. Amesema yote yaende kwa watoto. Na zile kodi zake, ati kila mwenye duka achukue bure. Bwana, si utuandikie hapo ubaoni?"

Vigelegele vikapanda. Kukataa mbele ya mchungaji, chifu na wazazi ni jambo ambalo hata mlaghai hulionea aibu. Kemboi akatoa karatasi aliyonakilia, akaandika mpaka vumbi la chaki likaifunika tai, na wenye maduka wakanakili kwa bidii.

"Asante, kijana yangu," alisema Mzee Khaemba, muuza vipuri, akikunja karatasi yake. "Niko na ndugu zangu wa maduka huko Kitale. Nitawapelekea mimi mwenyewe, usijisumbue."

Watu wote wakapiga makofi. Kemboi naye akapiga.