Neno Moja kwa Siku kwenye Ukuta Wangu

Keshero, Goma

Kwa Mama Wivine, mwalimu wa akina mama wanaojifunza kusoma parokiani

Mama Mwalimu mheshimiwa,

Nakusalimu kama mtu wa kazi moja nawe, maana nilishika chaki miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Siandiki kwa hasira. Nataka tu kukueleza, hatua kwa hatua, madhara uliyoleta nyumbani kwangu ulipowashauri wanafunzi wako waandike neno moja kila siku wakisubiri maharage yaive.

1. Chaki. Mke wangu, Mama Henriette, amegundua kwamba ukuta wetu wa mawe ya volkano ni mweusi kuliko ubao wowote niliowahi kufundishia. Akishabandika chungu, anachagua jiwe na kuandika neno lake kwa chaki nilizokuwa nimezitunza kama kumbukumbu ya utumishi wangu. Mvua ikifuta, anarudia. Mwezi wa kwanza nilicheka, nikamweleza kwamba neno moja halimfikishi mtu popote. Sasa yameandikwa mawe mia mbili na kumi. Hesabu hiyo ni yake.

2. Wapita njia. Papa Evariste, anayesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye magunia ya makaa, sasa anasimama mbele ya ukuta na kusoma kwa sauti. Juzi aliniuliza: "Muzee Kamate, wewe mwalimu, jiwe lako ni lipi?" Sikuwa na jiwe.

3. Hili ndilo zito. Miaka yote mimi ndiye niliyemsomea Henriette ujumbe wa simu wa binti yetu Fabiola, aliyeolewa Bukavu. Msomaji mzuri hufupisha. Mwezi uliopita Fabiola aliandika kwamba yu karibu kujifungua, na anaomba mama yake avuke ziwa akae naye miezi mitatu. Nilisoma salamu, nikasoma habari za mvua ya Bukavu, nikafunga simu. Henriette aliichukua, akaitazama muda mrefu kama mtu anayechambua mchele, kisha akasema: "Papa Fabiola, umeruka mstari."

4. Tangu siku hiyo anatia kitu kimoja kwa siku katika mfuko wa safari. Kitenge. Kesho yake sabuni. Nimepiga hesabu: mfuko utajaa Jumamosi, na boti ya Bukavu inaondoka Jumapili. Nina miaka sabini na miwili na sijawahi kuivisha hata chungu kimoja. Unaona mwenyewe jinsi neno moja kwa siku linavyomwacha mzee na njaa.

Kwa hiyo naomba utaratibu ubadilishwe, liwe neno moja kwa mwezi. Ikishindikana, basi neno la wiki hii liwe "bakia".

Wasalimie akina mama wote wa darasa, padri, na yule anayetunza funguo za ukumbi. Nabaki mwenzako katika kazi,

Kamate, mwalimu mstaafu

N.B. Tafadhali tuma paketi moja ya chaki nyeupe kabla ya Jumamosi. Henriette ananiandikia upishi wa maharage kwenye mawe ya karibu na mlango, hatua moja kwa siku, na bado hatujafika kwenye chumvi. Jana niliruka jiwe la pili, la kuchambua changarawe. Alitafuna, akatoa kijiwe, akakiweka kando ya sahani yangu. Leo nimerudia jiwe la pili.