Mlo wa Mwenyekiti

Jumanne, 12 Novemba
Ijumaa Ginevra wangu ana usaili! Nafasi moja ya kudumu maabarani, waombaji kibao. Binti mwenye akili vile, na bado anaishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Nimempasha habari Signora Pautasso wa ghorofa ya chini. Nikamweleza vizuri: juu ya ngozi ya seli kuna protini ziitwazo vipokezi, nusu nje, nusu ndani, zinasikiliza. Mtoto akiwa tumboni, ndizo zinazoiambia mishipa ya fahamu ikue kuelekea wapi. Kazi ikiisha, zinatulia. Lakini katika saratani fulani za watoto, kipokezi kimoja huanza kupiga kelele bila kuitwa, seli zikakua hovyo. Ginevra anatafuta cha kukinyamazisha. Signora akajibu hongera, ila mwanawe, daktari wa meno, kazi anayo tayari. Mwanamke yule!

Jumatano, 13 Novemba
Nimepeleleza. Mwenyekiti wa usaili ni Profesa Actis. Kafiwa na mke. Nikamvizia kwa muuza mkate, nikasema kesho mchana napika bagna cauda, ule mchuzi wetu wa moto wa kuchovya mboga, nami mjane sina wa kula naye. Macho yakamlowa. Mimi ni mama wa nani? Hakuuliza. Sikusema.

Alhamisi, 14 Novemba
Vitunguu saumu tele, dagaa wa chumvi, mafuta ya zeituni, moto mdogo asubuhi nzima. Profesa alichovya kabichi, akachovya pilipili hoho, akalegeza tai. Nikachomeka habari za vipokezi. Akashangaa, akauliza nimejifunzia wapi. Mara mlango ukafunguka: Ginevra! Kaja kuchukua koti la usaili, nililolitundika juu ya jiko likauke. Akasema, Mama, umefanya nini? Profesa akaondoka bila kofia.

Ijumaa, 15 Novemba
Hapa Torino kila mtu anajua: ukiipika bagna cauda, kesho yake hukutani na watu kwa harufu. Mimi nilifikiria tumbo, pua nikaisahau. Mjumbe mmoja wa usaili, kutoka Roma, akamnusa Profesa, akanusa koti la Ginevra, akauliza kama mwenyekiti na mwombaji wametoka jiko moja. Profesa, mtu mkweli, akasema alikula kwa mama wa mwombaji bila kujua. Kajiondoa. Usaili umesogezwa hadi Alhamisi. Ginevra amelia. Kasema, Mama, kuna watoto wagonjwa wanaingoja kazi hii, na ukiingilia tena nitafutwa kabisa kwenye usaili. Nikamchemshia supu.

Jumapili, 17 Novemba
Ginevra hanisemeshi, lakini supu kaimaliza. Mwenyekiti mpya ni profesa mwanamama wa Bologna, anafika Jumatano kwa treni. Nimeahidi sitaingilia. Kumlaki mgeni si kuingilia. Kitunguu saumu sigusi, mimi si mjinga. Nimemnunulia tartufo nyeupe, uyoga ghali wa chini ya ardhi, mkubwa kama ngumi. Tangu uingie ndani, majirani wawili wamebisha hodi, pua wameziba, kuuliza gesi inavuja wapi. Wivu tu.