Wimbo Wangu wa Jembe Uliolazwa kwa Wapiga Gitaa

Igawa, Mbeya
9 Oktoba 1976

Ndugu Mhariri,

Shikamoo sikupi, kwa sababu nasikia wewe ni kijana. Nipe wewe, nami naitika hapa hapa nilipo: marahaba.

Mimi ni Bibi Ngolo binti Masunga, msomaji wa gazeti lako tangu mwaka jana nilipomaliza kisomo cha watu wazima. Kabla ya hapo nilikuwa nalifungia tumbaku ya kunusa, wala halikuwahi kunimwagia. Nakuheshimu kwa pande zote mbili. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu. Palipopinda ni kosa la meza.

Nataka utangaze, kabla mvua hazijaanza, kwamba wimbo wa "Bibie" unaopigwa na bendi ya Bonde Uhondo Jazz ni wangu. Mvua zikikuwahi, nimekwisha.

Nakueleza kwa nini, maana watu wa mjini mnadhani mahindi yanatoka dukani. Sisi huku tunalima kwa kundi na ngoma. Mwanzishaji anasimama mbele, anatoa wimbo, wengine wanaitika, majembe yanashuka pamoja. Mwanzishaji ni mimi tangu tulipohama na ng'ombe wetu kutoka kaskazini tukaingia bonde hili la Usangu. Sasa vijana wanasema mwaka huu aanzishe mjukuu wangu Regina, eti yeye anajua maneno ya kwenye santuri. Mimi nikiimba wananikatiza: "Bibi, umekosea! Santuri haisemi hivyo!" Mimi! Nimekosea wimbo niliouzaa mwenyewe!

Ulitoka mikononi mwangu hivi. Mwaka juzi lori la bendi liliharibika karibu na shamba letu. Mpiga gitaa wao, kijana mmoja Zubery, akaja kukaa kwenye tuta. Nikampa maziwa mgando, akanywa, akasikiliza. Akasema, "Bibi, hebu rudia pale katikati." Nikarudia. Akasema, "Bibi, una sauti!" Nikarudia tena, na kwa nguvu zaidi. Baada ya hapo naiona santuri kwenye hoteli ya Bwana Alawi hapa Igawa, imeandikwa "Mtunzi: Zubery". Nimeisoma mwenyewe, hakuna aliyenisomea.

Wimbo wangu unasema:

Budeba, jembe lako lina usingizi,
ugali ukiiva miguu inaamka.

Budeba ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo kumsema ni haki yangu. Zubery anaimba:

Bibie, moyo wako una usingizi,
nikigusa gitaa macho yanaamka.

Wewe unayesoma sana, niambie kama hapo pana utunzi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwalimu wetu wa kisomo anasema nchi hii ina sheria, kwamba mtunga wimbo ana haki yake, na anayeutia kwenye santuri au kuupiga kwenye biashara lazima aombe ruhusa na atoe fungu. Nikamwambia mwalimu, sheria hiyo tunayo zizini siku nyingi. Sisi ng'ombe wakizidi, mmoja unamlaza kwa mwenzio. Yeye anakamua maziwa, samadi anapeleka shambani kwake, lakini ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Hata akae huko mpaka apate mvi. Basi maziwa namwachia Zubery: makofi, bia, na wale wasichana. Ndama ni wangu. Na ndama wa wimbo ni santuri. Kila santuri iliyozaliwa irudi zizini.

2. Ng'ombe aliyelazwa habadilishwi jina. Budeba mwenyewe ameumia. Alitembea mpaka kwa Alawi akiwa amevaa koti, aende ajisikie anavyoimbwa, akakuta anaimbwa msichana. Akaja kwangu analalamika: "Shemeji, nilikuwa najulikana Usangu nzima kwa uvivu. Sasa nani ananijua?" Na uvivu umezidi, kwa sababu hakuna tena wa kumuaibisha.

3. Pale ninaposema "hee!" ndipo majembe yanashuka. Hawa wameweka gitaa hapo. Juzi vijana wakamjaribu Regina aanzishe kwa mtindo wa santuri. Alipofika penye gitaa akalipiga kwa mdomo: ndingi-ndingi-ndii, ndingi-ndingi-ndii. Kundi zima likasimama limeegemea mipini linangoja gitaa liishe. Mwingine akacheza juu ya tuta, akalibomoa. Serikali inasema kilimo cha kufa na kupona, gitaa linasema ngojeni kwanza. Tukivuna kidogo mwaka huu, mkaguzi wa kilimo asije kwangu, aende kwa Zubery.

4. Bwana Alawi anaupiga wimbo huo tangu chai ya asubuhi, na viti vyake vyote vimejaa. Nilimwendea kwa adabu. Akasema, "Bibi yangu, santuri hii nimeinunua kwa halali." Nikamwambia, "Umenunua ngozi, Bwana Alawi. Ng'ombe hujanunua." Akacheka, akanipa andazi. Nililila, ndiyo, lakini andika kwamba nililila kama fungu langu la kwanza, si kama sadaka.

5. Mwalimu ananiambia kuna kikwazo: sheria itauliza wimbo uliandikwa wapi kabla ya Zubery, au nani aliunasa kwenye tepu. Sasa haya ni maswali? Mtoto anazaliwa na karatasi mkononi? Wimbo wangu umeandikwa shambani. Waje wapime matuta. Palipolimwa kwa wimbo wangu pamenyooka, palipolimwa kwa santuri pamekwenda kama njia ya mlevi.

6. Hili ndilo kubwa, soma ukiwa umekaa. Nasikia kule Mwanjelwa, Mbeya mjini, vijana wanapata wachumba wimbo huu ukipigwa dansini. Wawili wa hapa kwetu wameshaoa, na ng'ombe wa mahari wametembea. Je, nani angemshika mwenzake mkono kama si wimbo wangu? Kwa hiyo kila ndoa iliyoanzia kwenye "Bibie" inanipa mtamba mmoja, na mtoto wa kwanza wa kike aitwe Ngolo. Ndoa ikivunjika, basi hiyo ilitokana na gitaa, wamfuate Zubery.

Sitaki ugomvi, nataka haki. Tangaza jina langu kwa herufi kubwa, vijana wasome, wanyamaze, nisimame mbele ya kundi langu mvua ya kwanza ikidondoka. Na usiikalie barua hii, mwanangu. Nimekuandikia vizuri, usinifanye nije huko.

Nisalimie mama watoto, wapiga chapa wote, na huyo anayekunja magazeti, maana anakunja vizuri. Budeba anakusalimu, ameamka sasa hivi.

Ni mimi mwenye wimbo,
Bibi Ngolo binti Masunga

N.B. Kabla sijafunga bahasha ameshuka kwenye lori Bibi Leokadia wa Chunya, ambaye zamani tulikuwa tunafunga naye tumbaku kwenye banda moja. Habari za madai yangu zimemfikia. Anasema ile sauti ni yake, alikuwa akiiimba akifunga majani, mimi nikaiwekea Budeba tu. Eti wimbo wangu nao ni ndama, tena wa ng'ombe wake, na tangu afike anazunguka zizini kwangu akimtazama mtamba wangu wa madoa. Siwezi kukataa kwamba nilikaa karibu naye, na masikio ninayo. Lakini mtu hawezi kudai kitu kilichopita hewani! Wimbo ni wa anayeuimba, nani asiyejua? Kwa hiyo pale nilipoandika kwamba wimbo una mwenyewe, futa. Namba moja yote futa. Namba sita acha. Na kama mmekwisha piga chapa, basi gazeti la wiki hiyo lisifike Chunya. Barabara ile mnaijua wenyewe. Lori likikwama siku mbili tatu, hakuna atakayeuliza.