Ratli Arobaini za Sabuni

Jumatatu, 6 Machi 1944
Sabuni imeadimika Arusha nzima kwa sababu ya vita. Leo nimewaahidi wazee wa kanisa ratli arobaini kabla ya Jumapili, kanzu za kipaimara zifuliwe. Wamepiga makofi. Nafasi ya mzee iliyo wazi ni yangu. Mwalimu Kaanaeli, ambaye naye anaitaka, hakupiga.
Nitaipika mwenyewe: ninayo magadi makali ya sabuni, ratli mbili. Lomayani mchinjaji kanipa mafuta ya ng'ombe, ratli kumi na nne.

Jumanne, 7 Machi
Kaanaeli kaja bila kualikwa. Kasema ratli moja ya magadi hutosha ratli saba za mafuta, haigeuzi hata kijiko zaidi. Nitapata kumi na sita basi, hata nikimwaga mafuta ya wilaya nzima. Wivu mtupu. Kwani mimi sijui kujumlisha? Zimepungua ishirini na nne. Na chumbani mna debe la mafuta ya kondoo. Nimelipima: ishirini na nne kamili! Mungu ni mwema.
Debe kalileta mama mkwe kutoka Nduruma, mke wangu Naipanoi anywe akijifungua. Lakini hiyo ni mwezi ujao.

Ijumaa, 10 Machi
Nakoroga siku ya tatu, na mafuta ya debe yamo yote. Haigandi. Nimeijaribu kwenye kanzu yangu, sasa nzi wananifuata mpaka Kijenge. Kaanaeli kachungulia sufuria. Kasema magadi yalikwisha nguvu zamani. Yaliyobaki ni mafuta tu, na sasa hayanyweki. Namchukia.

Jumapili, 12 Machi
Naipanoi kajifungua alfajiri, kabla ya wakati. Mtoto wa kike, wote wazima. Nimelia kwa furaha. Kisha mama mkwe kaingia na kuulizia debe. Nikamwonyesha sufuria. Hajanitazama tangu hapo.
Mchana Kaanaeli, mzee mpya wa kanisa, kaja na mkewe Eunike na kibuyu cha mafuta ya kondoo. Naipanoi kanywa, rangi ikamrudia. Mama mkwe kampa mtoto jina: Eunike. Mimi sikuulizwa.
Nimeaibika sana. Nimekaa peke yangu jikoni nikalitafuta kosa langu kwa unyenyekevu, na nimeliona. Mafuta yalikuwa machache.
Kibuyu kimebaki nusu. Nangoja Naipanoi asinzie.