Kura za Mnadani Makote

Chrispin wa Masasi hakupitwa na tangazo lenye harufu ya ulaji. Alipoona simuni kwamba wasomaji wanapiga kura kuchagua riwaya bora ya mwaka, kila simu kura moja, na waliobaki ni Mwalimu Cuthbert wa Lisekese na Emilia wa Lupaso, hakuuliza vitabu vinahusu nini. Alipiga pikipiki teke, huyo Lisekese.

"Shikamoo, Mwalimu. Kura mia tatu ninazo."

"Marahaba. Za watu waliosoma kitabu changu?"

"Mwalimu nawe! Nani atawauliza?"

Dhamiri ikamsumbua Mwalimu, ikamsumbua kama dakika nzima. Akaahidi magunia kumi ya korosho akishinda. Akishindwa, pikipiki ya Chrispin inakuwa yake. Chrispin akacheka, akamwachia kadi ya pikipiki palepale.

Siku ya mnada wa korosho akapanda Newala hadi Makote, wakulima mia tatu wamekaa wanasubiri bei.

"Ndugu zangu, toeni simu. Tumeni namba moja, Mwalimu Cuthbert."

"Na namba mbili?" akauliza Mama Huruma, ambaye msimu uliopita aliwakatalia wanunuzi mara tatu.

"Huyo achana naye, mama."

"Hapa barua za bei za wanunuzi wote husomwa, ndipo tuseme tumekubali au tumekataa. Soma zote, mwanangu."

Wakulima wakaunga mkono. Sura ya kwanza ya kila kitabu ilikuwemo simuni, basi atafanyaje? Akasoma ya Mwalimu. Ukurasa wa tatu alipiga miayo msomaji mwenyewe. Akasoma ya Emilia, ya mjane anayeng'ang'aniwa na shemeji auze mikorosho ya marehemu. Mnada mzima ukamsogelea. Mwishoni akaendelea kutelezesha kidole akitafuta ukurasa unaofuata, tapeli mzima, maskini.

"Akauza?" akauliza Mama Huruma.

"Sijui, mama. Sura imeishia hapo."

"Basi sisi namba mbili."

Matokeo yalipotoka, Emilia kashinda. Chrispin akarudi Lisekese kichwa chini, akaeleza yote.

"Mia tatu zote kwa Emilia?" akauliza Mwalimu.

"Mia tatu na moja, Mwalimu. Na mimi nilimpa."

"Sema mia tatu na mbili. Mimi kitabu chake nilikisoma chote, nikampigia kura siku ya kwanza, kabla hujaja. Nilijua hashindiki." Mwalimu akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."