Nyongo ya Kamanda

Dokta Mate hakuwa daktari, na mate yenyewe yalikuwa ya mbwa. Alichokuwa nacho ni koti jeupe, boksi la vijiti vya pamba na mdomo usiochoka. Alipomwona Kamanda, mbwa wa mbegu ghali, kajilaza mlangoni kwa fundi cherehani, akaona riziki imemfuata.

"Shikamoo, mama. Mbwa wa ukoo huu hurithi ugonjwa wa nyongo. Umempima vinasaba?"

"Marahaba, mwanangu. Vinasaba ndiyo nini?" fundi akauliza, pini mdomoni.

Dokta akampangusa Kamanda shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba. Kesho yake akarudi na cheti chenye mihuri mitatu na uso wa msibani: nyongo mbaya, karithi kwa mama yake. Apelekwe kituoni kwake, atibiwe bure. Mpango, msomaji wangu, ulikuwa ule ule wa siku zote. Baada ya wiki angeleta habari za kifo, huku mbwa kashauzwa.

Fundi akalia mpaka akalowesha suruali ya mteja. "Basi niandikie kwamba akipona unanirudishia."

Dokta akaandika, akasaini, akagonga muhuri wa nne. Kusaini hakujawahi kumuuma.

Mnunuzi hata hakutafutwa. Jioni hiyo hiyo alijileta mwenyewe, bwana mmoja wa kitambi na haraka, ila akataka mbwa akaguliwe kwanza na daktari wa mifugo, yule wa kweli. Daktari akambonyeza Kamanda tumbo, akampiga picha, akatikisa kichwa. Mfuko wa nyongo umejaa. Asipopasuliwa hafiki Jumapili.

Dokta Mate akaduwaa. Miaka yote anadanganya, leo kasema kweli bila kukusudia.

"Apasuliwe. Akipona nakupa bei mara mbili," mnunuzi akamwambia Dokta Mate.

Dokta akauza pikipiki yake, akalipia. Siku tano alilala sakafuni kando ya mbwa, akimlisha uji kwa kijiko. Mkia ulipotikisika, alilia machozi ya kweli, na hilo lilimtia aibu.

Siku ya kutoka, fundi alikuwa mlangoni kwa daktari wa mifugo, ile karatasi ya muhuri wa nne mkononi.

"Ahsante, mwanangu. Kipimo cha kweli nilishamfanyia mwezi uliopita, nikakosa hela ya upasuaji. Nikawa namwomba Mungu aniletee mtu."

"Na mnunuzi wangu?"

"Yule ni shemeji yangu." Akamtazama juu mpaka chini. "Njoo Jumapili umsalimie mgonjwa wako. Na hilo koti nitalipunguza mikono, linakuzidi."

Kamanda akamlamba kiganja, akaondoka na fundi. Dokta Mate akarudi kwake kwa miguu.